Askari Wasiokuwa na Macho

Ujiji, usiku wa kuamkia safari yako

Mwanangu Zaituni,

Jana jioni ulipokuwa unasuuza vyombo uani uliniuliza, bila kunitazama, "Baba, wakinirudisha je?" Nikakujibu, "Hawatakurudisha," nikachukua kofia yangu nikaenda msikitini. Lilikuwa jibu la mtu anayewahi swala. Swali lako lilistahili zaidi ya hapo, na kwa kuwa mimi hufikiri vizuri zaidi nikiwa na kalamu, nimekaa nikuandikie jibu lenyewe.

Habari za maji ya kuchemsha, chandarua, nani wa kumpigia simu ukifika Tabora na nani wa kutompigia, mama yako amezimaliza, akazirudia tena wakati anafunga begi lako. Sina la kuongeza hapo. Mimi nitakuandikia habari za mkono.

Wangu ulianza kutetemeka nikiwa kidato cha pili. Babu yako, ambaye hukumkuta, aliniona nikimwaga chai akasema, "Kaza mkono, wewe ni mwanamume." Nikakaza. Ukazidi. Nilikaza tena. Nimeukaza mkono huu ujana wangu wote, na katika shajara zangu za miaka ile kila baada ya kurasa chache nimeandika "kesho nitakaza zaidi". Nimezisoma wiki hii nikacheka peke yangu, mama yako akaniuliza nina nini.

Unaujua mji wetu. Mtu akitetemeka mkono hapa Ujiji hawasemi anaumwa, wanasema anakunywa. Mara yangu ya kwanza kukaa na watu wazima barazani kwa Mzee Kondo, nilipewa kile kikombe kidogo kisicho na kishikio, na nusu ya kahawa ikaishia kwenye kanzu ya jirani yangu. Mtu mmoja akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Kijana, naona gongo ya leo ilikuwa kali!" Baraza zima likacheka. Mimi niliyekuwa sijaonja hata togwa iliyochacha. Tangu siku ile nikawa nasema kahawa hainikubali. Wakasema naringa, nikaona bora waniite mwenye maringo kuliko mlevi.

Sasa nikuambie jambo ambalo hata mama yako amelijua juzijuzi tu. Siku ya posa nilikwenda kwao nimefunga saumu ya sunna. Wajomba zake walipoleta kahawa nikasema, "Samahanini wazee wangu, nimefunga." Walinitazama kwa heshima kubwa. Mmoja akamwambia mwenzake, "Vijana wa namna hii wamebaki wangapi?" Nikaozwa. Ile ilikuwa mara ya kwanza mkono wangu kunipatia sifa ya dini. Mara ya pili inakuja.

Unajua kwamba nilikuwa karani wa stoo ya vipuri kwenye karakana ya boti, chini ya yule mhandisi Mzungu aliyekaa Bangwe, Bwana Teo. Hujui jinsi lile kopo la biskuti lilivyofika kwangu. Siku anaondoka kurudi kwao aligawa vitu: fulani akapata redio, fulani kitanda. Mimi akaniita pembeni akanipa kopo, zito kama limejaa misumari. Nikafungua. Ndani, wamefungwa katika magazeti ya zamani, walikuwamo askari wadogo wa madini ya risasi, kila mmoja urefu wa kidole cha shahada. Wenye bunduki, wapiga ngoma, wapanda farasi wachache, na ofisa mmoja aliyevunjika upanga. Rangi imewabanduka, wengine wamebaki na ngozi ya kijivu tu.

"Walikuwa wa babu yangu," akasema. "Askari wa vita vya Napoleoni. Macho yangu yamekwisha, siwezi tena. Wape rangi wewe."

Nikadhani ananidhihaki. "Bwana Teo, mkono wangu si unauona?"

"Nauona kila siku. Lebo za kule kwenye rafu nani aliandika?"

"Mimi."

"Basi," akasema, akapanda gari.

Sikuelewa. Niliona tu kwamba wengine wamepata vitanda na mimi nimepata vikaragosi. Lakini kidato cha tatu tuliwahi kufundishwa habari za huyo Napoleoni na jeshi lake lililoganda kwenye theluji, na kuwashika askari wake kiganjani kulinipa raha fulani. Nikaamua nitajaribu.

Bibi yako akaniwahi mlangoni. "Umebeba nini?"

"Askari, mama."

Akachungulia. "Hayo ni masanamu. Malaika watapita mbali na nyumba hii kwa ajili ya biskuti za Mzungu? Hao makafiri wako wakalale nje."

Wakalala nje. Ndiyo asili ya lile banda. Lilikuwa la kuku, kuku wakafa kwa mdondo, askari wakahamia. Watu wakiniuliza kwa nini nina karakana kwenye banda la kuku huwa nasema ni kwa sababu ya hewa.

Kosa langu la kwanza lilikuwa usafi. Wewe unanijua, kitu kichafu kinaniwasha. Niliwachukua kumi na kitu wa kwanza nikawasugua kwa mafuta ya taa na steelwaya mpaka wakang'aa kama sarafu mpya. Nikawapanga, nikajisifu. Kisha nikakaa kuwapaka rangi nikajiuliza: rangi gani? Koti la buluu au jekundu? Kola je? Suruali? Hakuna wa kumuuliza, Bwana Teo yuko kwao, na ile rangi kidogo iliyokuwa imebaki, ambayo ingenijibu, nimeimwaga uani pamoja na mafuta ya taa. Ikanilazimu kuwachukua wale ambao nilikuwa sijawagusa na kuwachunguza kwa kioo cha kukuzia, mmoja mmoja, polepole. Rangi ya kale ilikuwa imejificha makwapani, chini ya mikanda, nyuma ya magoti, mahali ambapo vidole vya watoto wa kule havikufika. Buluu ilikuwa kwapani. Nyekundu ilikuwa ndani ya mkunjo wa mkono wa koti. Nilipoiona ile nyekundu, nukta ndogo kuliko jicho la dagaa, nilipiga kelele mama yako akaja mbio akidhani nimeumwa na nyoka.

Kosa la pili lilikuwa rangi yenyewe. Nilikwenda kwa mafundi wa mitumbwi Kibirizi wakanipa mabaki, rangi ya mafuta nzito, ya kuzuia maji ya ziwa. Nikampaka ofisa. Asubuhi uso wake wote umezama, pua hakuna, mdomo hakuna, kama mtu aliyemwagiwa uji. Fundi mmoja, Mha wa Kasulu, aliponiona narudi akanisalimu, "Mwakeye!" akaniuliza mtumbwi wangu una urefu gani. Nikamtoa ofisa mfukoni. Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akanifundisha kuilegeza rangi kwa tina, tone kwa tone, na kupaka nyembamba, ikauke, upake tena. "Rangi ikiwa nyembamba unaona haijafanya kitu," akasema. "Usiwe na haraka nayo. Ya tatu ndiyo utaiona."

Hivyo nikaendelea. Nilimbandika kila askari kwenye kipande cha ubao, nikaegemeza kifundo cha mkono wangu ukingoni mwa meza, na hapo siku moja ndipo nikamwelewa Bwana Teo. Stoo nilikuwa naandika lebo zile nimeegemeza mkono kwenye rafu. Hata sikuwa najua. Yeye alikuwa ameniona. Mkono ukipata mahali pa kuegemea unapungua kutetemeka. Nikawapaka makoti ya buluu, vifua vyeupe, kofia ndefu nyeusi, viatu. Wakapendeza kweli. Nikawa natoka kazini natembea haraka kama mtu anayesubiriwa na wageni.

Lakini hawakuwa na macho.

Jicho la askari wa namna ile ni nukta nyeupe na ndani yake nukta nyeusi. Pale meza haikunisaidia. Nilijaribu kwa brashi niliyoipunguza ikabaki na unywele mmoja, nikajaribu kwa kijiti cha meno. Nikapata askari wenye jicho shavuni, askari wenye jicho moja kubwa kama la bundi. Nikawafuta wote, nikawaacha nyuso tupu. Miaka ikapita, wakajaa rafu nzima, jeshi la vipofu.

Ndipo ikaja sifa ya pili. Ustadhi Idi alipita kumsalimu bibi yako, akachungulia bandani, akawatazama kwa muda mrefu. Nikajua leo nitasemwa. Akasema, "Umefanya vizuri, ndugu yangu. Sanamu isiyo na uso ina unafuu. Nimeona hapa mtu aliyejizuia." Nami, Mungu anisamehe, nikainamisha kichwa kama mnyenyekevu. Ijumaa iliyofuata nusu ya msikiti walikuwa wamesikia.

Sasa tufike kwako.

Ulikuwa darasa la sita mwalimu wako aliponiita kuniambia kwamba wewe ni mwoga, kwamba ukipewa kazi ya vitendo mbele ya wenzako unatetemeka. Nilirudi nyumbani nikakutazama ukimimina maji kwenye kikombe, nikaona mkono wangu ule ule. Ningeweza kukukumbatia. Nilichofanya nilikuita bandani, nikakupa brashi na askari wa mazoezi, nikasema, "Kaza mkono." Maneno ya babu yako, kama yalivyo. Nilikuwa na ushahidi wa maisha yangu yote kwamba hayasaidii, na bado ndiyo yaliyotoka. Ukakaza mpaka kidole kikawa cheupe, ukalia, ukaondoka. Wiki moja hukukanyaga bandani.

Uliporudi hukuniambia neno. Ulikaa pembeni ukipaka viatu vyeusi, ambavyo havihitaji ufundi, na mimi nikikufukuza tu ulipoingia na karanga, kwa sababu risasi ni sumu na mikono huoshwa kwanza. Sikukufundisha kitu tena. Niliogopa mdomo wangu.

Siku moja nilikuwa nimepanda bodaboda kwenda Gungu kununua tina. Narudi nakukuta umekalia ndoo iliyofudikizwa, umemng'oa mpiga ngoma kutoka kwenye ubao wake, jambo nililokuwa nimelikataza, umemshika kwa mkono wa kushoto, brashi kulia, vifundo vya mikono umevibana pamoja kama mtu anayeomba dua, kidole kidogo juu ya kidole kidogo.

"Unafanya nini wewe?"

"Shh."

Nikabaki nimesimama mlangoni mwa banda langu mwenyewe. Ukamaliza, ukamgeuza. Alikuwa na macho mawili, sawasawa, yakinitazama kama anataka kunidai salamu.

"Umefanyaje?"

"Baba, wewe unamsimamisha askari halafu unapigana na mkono. Mimi nimewaacha wote wawili watetemeke pamoja." Ukanionyesha. "Si kama watu walio mtumbwi mmoja? Mtumbwi ukiyumba wanayumba wote, wanapeana kikombe na hakimwagiki. Anayemwaga ni yule aliyesimama gatini."

Nilikaa juu ya mfuko wa saruji. Umri wangu ule, na ziwa liko hapo mbele ya macho yangu tangu nizaliwe, na nimeona watu wakipeana vitu mitumbwini mara ngapi? Halikunijia. Limekujia wewe, juu ya ndoo.

Kilichofuata mwenyewe unakikumbuka, ila nataka kukiandika kwa sababu kinanifurahisha. Bibi yako alisikia kelele zangu akaja na bakora yake mpaka mlangoni mwa banda, ambapo alikuwa hajawahi kusimama. Ukamwonyesha. Akasema, "Huyu sasa ananitazama," akarudi hatua nyuma. Kisha, "Hebu lete." Ukamweka kiganjani mwake. Mpiga ngoma akaanza kutetemeka pale kiganjani, kwa sababu na mkono wa bibi yako hutetemeka, wote tunajua na hakuna aliyewahi kusema. Alimtazama mpiga ngoma, akautazama mkono wako.

"Huu mkono ni wangu," akasema. "Nilikuwa nasuka mikeka hivyo hivyo, nimebana viwiko kiunoni. Nani alikufundisha?"

"Hakuna, bibi."

"Basi uko kwenye damu." Akakurudishia. "Lakini abaki nje. Dini yangu sijaibadilisha."

Yeye alikuwa anajua, Zaituni. Nimeishi na mama yangu maisha yangu yote nikimficha mkono wangu, na dawa yake alikuwa nayo viwikoni. Sikumuuliza. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kahawa yote niliyoimwaga.

Jioni hiyo hiyo nilikwenda kwa Ustadhi Idi nikamweleza kwamba nyuso zile hazikuwa tupu kwa kumcha Mungu, ni kwamba sikuweza. Alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Akaniambia niwaache bandani na nisiwaweke mbele yangu ninaposwali. Kutoka pale nikapita barazani kwa Mzee Kondo. Nikapokea kikombe kwa mikono miwili, vifundo pamoja, viwiko magotini. Nikanywa mpaka chini, hata tone halikugusa kanzu ya mtu.

"He! Leo kahawa imekukubali?" akaniuliza Mzee Kondo, naye sasa amezeeka na hasikii vizuri.

"Imenikubali."

"Nini?"

"IMENIKUBALI!" nikapiga kelele, baraza zima likageuka. Nikaomba kikombe cha pili.

Wewe ukawatia macho wote. Uliwamaliza wakati wa likizo ya kidato cha nne, na rafu ile ikawa jeshi lililoamka. Siwezi kukueleza nilivyojisikia kuingia asubuhi na kukuta wote wananitazama.

Sasa Tabora, siku tuliyokwenda kwa usaili wako. Wewe ulikuwa ndani na mimi nilikuwa nje, kwa hiyo ipo nusu ya habari huijui.

Ile karakana ya meno ya bandia ina dirisha upande wa uchochoro unaopita kwenda chooni. Mlinzi aliniambia nikae kwenye benchi la getini, nikasema sawa, nikaenda dirishani. Niliwaona mmekaa mezani, kila mmoja na kipande chake cha nta na jino la mfano, nalo la nta. Nilimwona kijana wa kushoto kwako akiutazama mkono wako, akamnong'oneza mwenzake, "Huyu atachonga meno ya kuchekesha." Nilimsikia. Nikashika nondo za dirisha.

Halafu yule mama msimamizi akasimama nyuma yako. "Binti, unaogopa?"

Nikajisemea, sasa atasema ana baridi. Atasema ametoka kuumwa malaria. Atasema amefunga. Nilikuwa na visingizio vyangu vyote tayari, ningeweza kukurushia dirishani.

Ukasema, "Hapana, mama. Mkono wangu ndivyo ulivyo. Naomba ulitazame jino, mkono uuache."

Ukabana vifundo, nta kushoto, kisu kulia, ukaendelea. Sikuweza kukutazama, nikatazama ukuta. Nilipogeuka, yule mama alikuwa amelichukua jino lako na lile la mfano, ameyachanganya kiganjani, anamwita mwenzake kutoka chumba cha pili. "Njoo uniambie lipi tulilompa." Mwenzake akaja, akaweka miwani, akageuza, akageuza, akachagua.

Akachagua lako.

Nilipiga kigelegele. Mimi, mwanamume, mzee wa Ujiji, kwenye uchochoro wa kwenda chooni. Kilitoka tu. Mlinzi akaja mbio na rungu. "Mzee, kuna harusi huko?" Nikamwambia ipo. Akaniambia harusi yangu nikaifanyie nje ya geti, akanishika mkono, nami nikamwambia aniachie, nataka kusikia wanasema aanze lini. Ndiyo sababu ulipotoka ulitukuta tunavutana, ukaniuliza, nikakuambia tulikuwa tunabishana habari za mpira. Hakukuwa na mpira.

Kwa hiyo swali lako: wakinirudisha je?

Wamekuchukua kwa majaribio, na majaribio maana yake ni kwamba mtu anaweza kurudishwa, sitakudanganya. Kuna siku utaharibu kazi. Kuna mteja atakayeuona mkono wako kabla ya kuyaona meno yake. Siku wakikuita wakakuambia urudi nyumbani, waulize jambo moja kwa adabu: wametazama jino au wametazama mkono? Wakisema ni jino, basi uje nalo. Tutakaa tulichunguze kwa kioo mpaka tujue lilipokosea, na utarudi huko ukiwa fundi zaidi. Wakisema ni mkono, usisimame. Kaa hapo hapo kwenye kiti chako, bana vifundo, uwaombe nta nyingine.

Baba yako akupendaye,
anayetetemeka na anayejivuna